Nyani Juu ya Mkorosho

Mpaka leo nikikumbuka kicheko cha Bosi wangu, mkono wangu unatafuta brashi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, watu binafsi wakaruhusiwa kununua korosho, na kila aliyepata akafungua baa. Bosi wangu alifungua yake Masasi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba Newala, kichwa kimejaa picha. Aliponiambia anataka baa inayofanana na nyumbani, nilifurahi hadi nikasahau kula. Nguzo nikaziacha na magome yake. Taa nikazivika vibuyu nilivyovitoboa, mwanga ukawa unadondoka ukutani kama jua chini ya mikorosho. Mlangoni nikachora mawe makubwa ya Masasi, maana jiwe halihami, mgeni ajue amefika.

"Na kuta zote, fundi, niwekee nembo za Kimakonde," Bosi akaagiza. "Wageni wanazipenda."

Nembo nilizijua kwa vidole. Utotoni nilikuwa napapasa zile chale za mashavuni mwa bibi yangu mpaka usingizi unichukue. Basi nikamwita aje azione. Akaja na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, kanga mpya, na ndonya yake, kile kisahani cha mti, kwenye mdomo wa juu. Akagusa ukuta, akagusa shavu lake, akagusa tena ukuta.

"Umekosea mstari mmoja tu," akasema. "Huu umelala."

Bosi akaingia na wateja. "Fundi! Hili zimwi umelitoa wapi? Litoe nje, litanikimbizia watu!"

Wakacheka. Bibi akajifunga kanga vizuri, akaniachia ming'oko mezani, akatoka.

Na Bosi ni Mmakonde mwenzetu, mtu wa Chilangala! Mama yake mzazi ana nembo zilezile, na ndonya kubwa kuliko ya bibi.

Sikulia. Yaani nililia, ila baadaye. Kesho yake nikachukua chokaa, nikafuta nembo zote. Shavu la bibi halikai mahali alipofukuzwa.

"Mbona umefuta?"

"Mambo ya kizamani, Bosi. Nyuma ya kaunta nakuchorea nyani juu ya mkorosho. Nyani ana akili."

"Hapo sawa. Mfanye mnene, aonekane ameshiba."

Nikamfanya mnene. Nikampa mwanya wa Bosi, kapelo yake ya upande, mkono mmoja kiunoni, mwingine na bibo la korosho. Makalio nikayapaka rangi nyekundu ya mafuta, mara mbili, yang'ae. Si wanasema nyani haoni kundule?

Wateja walimtambua siku ileile. "Twende kwa Nyani," wakawa wanaitana. Bosi akadhani wanasifia picha, akaniagiza kibao: NYANI BAR. Sijawahi kuandika herufi nzuri kama zile.

Siku moja mchana mama yake akashuka kutoka Chilangala kumsalimia.

"Shikamoo mama," nikamwambia, nipo dirishani napaka rangi.

"Marahaba, mwanangu." Akaingia, akatazama nyuma ya kaunta, akacheka mpaka ndonya ikatikisika. "Jamani! Si mwanangu huyu? Hata anavyosimama!"

Bosi akageuka, akamtazama yule nyani. Akavua kapelo polepole. Watu wakamkodolea macho, kuona kama na huyu atatolewa nje. Mama akavuta kiti cha mbele kabisa, akaomba soda. Bosi akaileta mwenyewe, kwa mikono miwili.

Nilimwonea huruma. Kidogo.

Nilipofika Newala nikamsimulia bibi yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kundu lake, ulilipaka vizuri?"

"Mara mbili, bibi."