Kitenge Nilichokifua

Nani kasema nilimvua dada nguo makusudi? Shangazi, acha kabisa, aibu niliyonayo inanitosha, hapa naandika uso bado unawaka, ila nyie mnaanzia mwisho.

Ilianza na kitenge. Dada Neema kajifungua mtoto njiti, mwenyewe kapasuliwa, kalala wodi ya wazazi hata kuinuka hawezi, na kale katoto (kanaenea kiganjani, jamani) kako chumba cha njiti, kila siku kanatobolewa kisigino kutolewa damu. Dawa ya maumivu hakawezi kupewa kila sindano, kwa hiyo Sista akasema dada alale na kitenge kifuani, mimi nikilete, kakitobolewa kasikie harufu ya mama yake katulie. Sawa. Mimi na haraka zangu nikakinusa: maziwa, jasho. Si watatuona wachafu? Nikakifua kwa sabuni ya unga ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nikakianika, nikakipeleka kinanukia maua.

Sista akakinusa. "We binti, umemletea mtoto mama yake au duka?"

Akina mama wote wa mle chumba cha njiti wakacheka, na mimi nikacheka, mpaka sindano ikaingia, kale katoto kakakunja uso, mdomo wazi, sauti hakuna. Kicheko kikaniisha.

"Damu haijatosha, itabidi nirudie," Sista akasema. "Nakusubiri, lete chenye harufu ya mama yake. Kimbia!"

Nikakimbia. Dada alikuwa kajifunga kitenge kimoja tu, nikakivuta chote, mlangoni wala sikuangalia. Kumbe pale nje kasimama baba mkwe wake, mzee wa watu katoka Isongole, kageukia ukuta anasalimia (kwao mkwe na mkamwana hawaangaliani, hata njiani wanapishana mbali).

"Tumaini! Mkwe! Mkweee!" dada akaniita kwa yowe.

Mzee akadhani mtu kafa, akageuka. Mungu wangu. Alivyotoka mbio, kofia ilibaki koridoni!

"Sindano, dada!" nikajibu, huyo nikaondoka nacho.

Kilikuwa bado na joto lake. Sista akaikusanya ile mikono na miguu ya mtoto kwenye kiganja chake, mimi nikakisogeza kitenge puani, akatoboa. Kakakunja uso kidogo tu, kisha kakageuza pua kutafuta kitenge, kakatulia.

Basi, Shangazi, ya mkwe mtayamaliza nyie wakubwa. Mimi kesho asubuhi, kabla ya sindano, naomba kiti cha magurudumu, namfunga dada khanga mbili na fundo, namsukuma taratibu (taratibu, naapa!) mpaka kwa mwanaye, amkumbatie mwenyewe.