Mchezaji Aliyewekwa Nje

Nimechomeka mashine yetu ya zamani ya gemu, na harufu ya vumbi linaloungua imenirudisha utotoni, sebuleni kwetu mtaa wa Dixon, ughaibuni, ghorofa ya kumi na nne.

Wiki ninayoikumbuka, shule ilinishusha darasa, eti Kiingereza changu hakijaiva. Hesabu nilikuwa nawapita wote, lakini nani aliuliza? Kaka yangu akataka kunifariji kwa gemu lake la mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti na kugongana. Akatengeneza mchezaji mwenye jina langu kwenye timu ya chuo aliyoiongoza humo ndani ya gemu, halafu akamweka nje msimu mzima.

"Anafanya mazoezi tu, hachezi mechi," akanieleza. "Mwakani anarudi na nguvu, na ile miaka minne anayoruhusiwa kuchezea chuo iko palepale. Hapotezi kitu."

"Anapoteza mwaka!"

"Bado mdogo. Akiingia sasa ataumizwa."

Nikamnyang'anya pedi ya kuchezea gemu, bado ina joto la viganja vyake, nikamwingiza mchezaji wangu uwanjani. Alipopewa mpira mara ya kwanza tu, majitu matatu yakamlalia.

"Umeona?" kaka akasema.

"Nimeona. Na wewe tazama, anainuka."