Kufuli la namba lilivyomfanya mama mkwe wangu aitwe mwizi Jibondo

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wewe uliyefungua uzi huu, kaa vizuri unisikilize, maana nina hasira, na mimi nikiwa na hasira huandika taratibu nisije nikakosa adabu.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Mwenye shaka atayapima leo leo kwa kufuli lake mwenyewe. Sina haja ya kutia chumvi, kisiwani kwetu chumvi ipo ya kutosha.

Naishi Miburani, hapa Mafia. Nafanya kazi ya mapokezi kwenye lodge moja ya wageni wanaokuja kuzamia. Mke wangu Rukia ni mtu wa Jibondo, na mama yake ndiye ninayemzungumzia. Hapa nitamwita Bi Somoe. Si jina lake hasa, jina lake limeshachezewa vya kutosha.

Bi Somoe analima mwani. Yeye na wenzake wana kikundi, na kikundi kina stoo. Chumba kimoja, mlango wa mbao, ndani magunia ya mwani mkavu yanayosubiri mnunuzi, pamoja na kamba mpya za kupandia.

Zamani stoo hiyo ilikuwa na kufuli la ufunguo. Ufunguo ukawa hauna mwenyewe. Leo uko kwa huyu, kesho kwa yule, siku nyingine umefungwa kwenye pindo la kanga na kanga iko majini.

Mwenyekiti wao, Bi Zuhura, akaleta wazo. Tununue kufuli la namba, namba aijue mtu mmoja tu, ili kitu kikipotea tujue pa kuuliza.

Naomba mlishike hilo neno. "Tujue pa kuuliza."

Mtu huyo mmoja wakamchagua Bi Somoe, bila ubishi. Wanaoijua Jibondo wanajua kisiwa kile ni kikavu, maji yalikuwa yanaletwa kwa boti. Miaka ile, madumu yakifika mtaani kwao, mama huyu ndiye aliyekuwa anasimama kugawa. Huyu lake, yule lake, mwenye mgonjwa atangulie. Maji, wakuu! Kitu ambacho ndugu wa tumbo moja wanaweza kutoleana macho. Hakuna aliyewahi kumwambia umenipunja.

Kufuli likanunuliwa Kilindoni, mjini. Vigurudumu vitatu vya namba, rangi ya dhahabu, na kwenye pakiti kuna picha ya ngao. Ngao!

Sasa basi. Siku za bamvua, bahari ikikupwa mpaka mbali, wanawake wote wa kikundi hushuka kwenye mashamba yao ya mwani. Stoo inabaki peke yake.

Siku moja wamerudi, miguu bado ina mchanga, Bi Somoe akafungua stoo. Magunia yamepungua. Kamba mpya zote hazipo.

Na kufuli alilikuta mahali pake, limefungwa. Halina hata mkwaruzo. Bawaba nzima, mlango mzima, na chumba hakina dirisha.

Mnaona mambo yanapoelekea.

Rukia alipigiwa simu na dada yake. Alipokata, alikaa kwenye kizingiti akaniambia, "Wanasema ni mama."

"Nani wanasema?"

"Bi Zuhura kasema mbele ya watu. Kufuli halikuvunjwa, namba anayo mmoja, sasa tumuulize nani, jini?"

Nilidhani yataishia kwenye maneno. Hayakuishia. Kikundi kiliamua isomwe Halbadiri.

Kwa wakuu wa bara wasioijua: hiki ni kisomo cha kuwataja watu wa vita vya Badri, ambacho watu wetu wa pwani hukiogopa kuliko polisi. Kikisomwa kwa ajili ya mwizi, watu wanaamini mwizi atapatwa na jambo, ataugua, ataanguka, ataaibika. Baada ya hapo mtaa mzima unakaa kusubiri nani ataumwa.

Mama mkwe mwenyewe hakutetereka. "Wasome," alisema. "Mimi naogopa nini?"

Aliyekuwa anaogopa ni Rukia, na alikuwa na haki. Bi Somoe ana presha. Kuna siku anashindwa kusimama, kuna siku mkono unakufa ganzi. Akianguka wiki moja baada ya kisomo, hata kwa presha yake ileile ya miaka yote, nani Jibondo atasema ni presha? Watasema imempata. Na jina hilo watalibeba wajukuu zake.

Hicho ndicho kilichonipandisha boti, wakuu. Magunia hayakuwa shida yangu.

Kuna jambo moja ninalolijua kwa sababu ya kazi yangu. Wageni wanakuja na mabegi yenye makufuli haya ya namba. Wanakaa baharini siku nzima, jioni wamesahau namba. Mara nyingi huwa nawafungulia mimi pale pale kwenye kaunta, na wala sijawahi kuuliza namba. Nililijua jambo hilo miaka, ila sikuwahi kufikiria kwamba kufuli la namna hiyo linaweza kufungwa kwenye mlango wa stoo na watu wazima wakalala usingizi.

Nilipita Kilindoni kwanza, kwenye duka lilelile, nikanunua la aina ileile. Nikamuuliza muuzaji, "Kaka, hili ni imara?"

"Hilo hata mimi siwezi kulifungua."

Nikalivuta kidogo, nikazungusha, likaachia mikononi mwangu mbele yake. Akaliangalia, akaniangalia. "Kwani linafunga, halifungi?" akasema. "Linafunga. Sasa wewe unalivutia nini?"

Nilicheka kwa hasira. Nikalipia.

Jibondo nilikuta mkeka umeshatandikwa uani kwa Bi Zuhura. Wanawake wa kikundi wapo wote, na Maalim wa chuo cha Kurani aliyeitwa kusoma amefika, mtu mpole wa makamo. Bi Somoe amekaa pembeni, mgongo umenyooka, hakuna aliyekaa karibu yake.

Nikawaamkia wakubwa. "Shikamooni."

"Marahaba, mkwe wetu. Umekuja kumtetea?" Bi Zuhura huyo.

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba Maalim anisaidie jambo moja kabla hajasoma. Likishindikana, kisomo kiendelee."

Nikampa Maalim kufuli jipya, nikamwonyesha namna ya kubadili namba. Nikamwomba aweke anayoitaka yeye, asimwambie mtu, afunge. Akageukia ukutani, akaweka, akafunga, akalilaza mkekani.

Nilikuwa nimejiandaa kuanza maelezo yangu. Bi Siwema, mama mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hawezi kunyamaza hata msibani, akaropoka, "Jaribu saba nane sita."

Watu wakacheka, maana nani asiyeijua namba ya Bismillahi? Nikajaribu. Halikufunguka.

"Ngoja basi," akasema Bi Siwema. "Maalim kaja kusoma Halbadiri. Kichwani mwake kuna nini leo? Watu wa Badri walikuwa wangapi?"

Kina mama wakajibu kwa pamoja kama wako chuoni, "Mia tatu na kumi na tatu!"

Nikazungusha tatu, moja, tatu.

Tak.

Uani paliripuka. Maalim alishika ndevu, anacheka mpaka machozi, "Astaghfirullah, Siwema, wewe umeingia moyoni mwangu lini?"

Kicheko kilipopungua, Bi Somoe akasema kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alisema polepole, anaangalia mkeka.

"Ya stoo ilikuwa hiyo ya kwanza."

Vichwa vikamgeukia.

"Saba nane sita?" Bi Zuhura akauliza.

"Niliiweka kwa baraka."

Mama mmoja akanong'ona, "Ndiyo ya simu yangu." Mwingine akasema, "Na yangu." Mnaelewa, wakuu? Siri ya mtu mmoja, na nusu ya waliokaa mkekani wanayo mfukoni!

Lakini Bi Zuhura ni mtu mgumu. Akasema, "Sawa, hiyo ni kubahatisha. Maalim, weka nyingine, isiyo ya dini wala ya nini." Maalim akaweka nyingine, akafunga, akamkabidhi Bi Zuhura mwenyewe.

"Mama," nikamwambia, "fungua."

"Mimi? Namba siijui."

"Ndiyo maana nataka ufungue wewe. Vuta huo upinde wa juu kama unayekaza kamba ya mwani kwenye kigingi. Usilegeze. Sasa zungusha kigurudumu kimoja kimoja taratibu. Kipo kimoja kigumu kuliko wenzake. Umekipata?"

"Hiki cha katikati."

"Kizungushe hicho. Ukisikia kimetumbukia kidogo, kiache hapo, uende kwenye kingine."

Mikono ya mkulima wa mwani, wakuu, imezoea kusikia fundo ndani ya maji bila kuliona. Uso wake ukabadilika. "Kimeingia," akasema. Akaenda cha pili. Chai niliyomiminiwa nilipofika ilikuwa bado ina moto, kufuli likaachia mkononi mwake.

Bi Siwema hakumwacha apumue. "Haya, Zuhura, mwizi tumempata! Maalim, msomee huyo!"

Safari hii alicheka peke yake. Bi Zuhura alikuwa ameshikilia kufuli lililo wazi kama mtu aliyeshikishwa kitu kisicho chake.

Maalim akakunja kitabu chake. "Mimi nilikuja kusoma," akasema. "Sasa nimsomee nani, na kila mkono hapa unafungua?"

Ngoja nieleze kidogo kwa ambao wangependa kujua kwa nini, maana si uchawi na si ufundi.

Ndani ya makufuli haya ya bei rahisi, kila kigurudumu kina pengo dogo. Mapengo yote yakikaa kwenye mstari, upinde unatoka. Kama vyuma vingechongwa sawasawa, ukivuta vyote vingekaza sawa na usingejua kitu. Lakini havijachongwa sawasawa. Kimoja hukaza kabla ya mwenzake, na kikifika kwenye pengo lake kinakuambia kwa kidole. Kufuli lenyewe linakutajia namba yake, moja baada ya nyingine. Yapo ya namba yaliyotengenezwa vizuri, sikatai. Haya ya kutundikwa msumarini dukani siyo hayo.

Ongeza hewa yetu ya bahari. Chumvi inakula, vigurudumu vinalegea, rangi inabanduka kwenye zile namba zinazoguswa kila siku. Mtu akisogeza macho tu anasoma.

Ongeza na tabia zetu. Wengi tukifunga tunasogeza kigurudumu kimoja tu, cha mwisho, ili kesho tusihangaike. Mwizi naye anasogeza hicho hicho kimoja.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Kufuli bovu la ufunguo likivunjwa, linabaki limevunjika. Ni shahidi. Linasema aliingia mtu, alitumia nguvu. Hili la namba linafunguliwa, linafungwa, linabaki linang'aa pale pale, na kwa ukimya wake linamnyooshea kidole yule mmoja mliyemwamini. Wanawauzia watu kitu cha kulinda mali, kumbe kinachukua mali na jina pamoja! Na pakiti ina ngao.

Mwizi hakupatikana mpaka leo. Nasema mapema ili asiwepo wa kuniuliza kwenye komenti.

Bi Zuhura alisimama mbele ya watu wote, akamwendea Bi Somoe, akakaa chini kabisa. "Somoe, nisamehe. Ulimi wangu."

"Nimekusamehe," akasema mama mkwe. "Kwa Mungu na kwa watu, nimekusamehe. Lakini stoo mtafute mtu mwingine."

Wakambembeleza. Maalim akambembeleza. Akajifunga kanga, akaenda nyumbani kwake.

Mwanamke aliyegawa maji kisiwa kikiwa na kiu, sasa hataki kushika hata kamba ya mwenzake. Hilo hakuna duka la Kilindoni litakalomrudishia. Rukia anasema niache kulisema, mama yuko salama, presha imetulia, jina limesafishwa. Ni kweli, na nashukuru. Ila nimeona nililete hapa, kwa sababu najua humu kuna watu wana stoo za vikundi, wana vibanda, wana mabanda ya kuku, na wana mtu mmoja waliyempa namba.

Usijione mjinga kama umelinunua. Mama zangu wa Jibondo si wajinga, wala wewe si mjinga. Tulidanganywa wote kwa rangi ya dhahabu. Kama na wewe limewahi kukuponza, au unalijua la namba lililo imara kweli kwa watu wa pwani, weka hapa chini, wengine tusome.

Lakini kabla hujaandika, nenda kwenye mlango wako sasa hivi. Vuta upinde wa kufuli, zungusha vigurudumu taratibu bila kuangalia namba. Likifunguka, litoe leo, weka la ufunguo, na usimuulize mtu yeyote kilichopotea mpaka umeshalijaribu.