Mwaka Niliohamishiwa Masjala

Nilikuwa mpimaji wa maji hapa Babati, na kazi hiyo niliipenda. Siku moja nilipima kisima kipya upande wa Bonga, nikakuta floraidi imezidi kiwango, yale madini yanayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na baadaye kupinda mifupa. Nilirudia mara tatu. Majibu yalikuwa yale yale.

Mkuu wangu alikuwa ameshaalika wageni wa uzinduzi. Kwanza aliniomba kwa upole, kisha akaniagiza, niandike kwamba maji yanafaa kunywa. Nilipokataa, ikatokea karatasi nyingine ya tarehe tofauti, inayosema maji yanafaa, yenye sahihi inayofanana na yangu. Kisima kikazinduliwa, watu wakaanza kuchota. Nami nikaandika barua mkoani, nikaambatanisha majibu yangu halisi.

Hazikupita wiki mbili nikanyang'anywa funguo za maabara. Nilipewa meza masjala, nyuma ya makabati ya mafaili, pamoja na barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuvuruga utulivu kazini. Wenzangu niliozoea kula nao mchana wakawa wanatoka mapema, kabla sijamaliza kufunga mafaili. Hilo liliniuma kuliko barua. Nyumbani kwetu Singe, mama aliniuliza kama nilikuwa na uhakika na vipimo vyangu. Nikamwambia ninao. Akasema basi nile, nilale, na kesho niende kazini nimevaa vizuri. Nilifanya hivyo kwa miezi mingi.

Kamati ya nidhamu iliponiita, mkuu alidai kwamba siku niliyoitaja sikufika kisimani, majibu niliyopeleka mkoani niliyatunga mezani. Aliyejua ukweli alikuwa mmoja tu, dereva wa ofisi aliyenipeleka, mzee mkazi wa Bonga aliyekaribia kustaafu. Sikumwomba aje, maana niliona wakubwa wangeweza kumharibia kazi. Lakini mlango ulifunguliwa akaingia, kofia mkononi, daftari la safari za gari kwapani. Akasalimia, akafungua ukurasa wa siku ile, akauweka mbele ya mwenyekiti.

"Nilimpeleka mimi," alisema. "Nilimshikia chupa wakati anachota. Na wajukuu zangu wanakunywa maji yale."

Mwenyekiti alimuuliza kama anaelewa anachokifanya. Mzee akajibu kwamba anaelewa vizuri, ndiyo maana amekuja mapema kabla hajabadili mawazo. Niliinamisha uso nisionekane ninalia.

Hawakunifukuza, ila hawakunirudisha maabara pia. Baadaye walikuja wapimaji kutoka nje ya mkoa, wakapata nilichokipata. Kisima kikafungwa, Bonga wakavutiwa bomba kutoka chanzo kingine. Mkuu akahamishwa kimya kimya, nami nikapewa tena funguo. Hakuna aliyeniomba radhi. Mzee alipangiwa gari bovu kuliko yote hadi alipostaafu. Ninapokwenda kumwamkia husimulia jinsi lilivyokuwa likizimika barabarani, na hucheka mwenyewe.

Mwezi uliopita mpimaji mwenzangu mpya, dada aliyehamia kutoka Singida, alipata majibu mabaya ya kisima kingine. Aliniuliza aandike nini. Nikamwambia, "Andika ulichokiona." Akaandika, akasaini, tukayapeleka pamoja kwa mkuu wa sasa. Alisoma tukiwa tumesimama, akamaliza, akapiga simu kusimamisha kazi pale. Kisha akatuomba tukae, tumweleze maji mazuri yanaweza kupatikana wapi.