Damu Niliyotiwa Nilipokuzaa

Naikumbuka siku niliyokuzaa, Zuhura mwanangu, na sikukusudia kukusimulia ukiwa na mimba. Lakini leo umeniambia ukijifungua hutaki kutiwa damu, eti umesoma kwenye simu kwamba huenda ikamletea mama saratani baadaye. Basi keti unisikilize.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Magongo, nikajifungulia hospitalini. Wewe ulitoka salama, ukalia. Mimi nikaanza kuvuja damu. Mkunga alinikanda tumbo wee, damu haikomi. Shuka ikalowa, miguu ikapoa, masikio yakavuma. Daktari akamwita babako.

"Bwana, mkeo anahitaji damu sasa hivi."

Babako, maskini, alinipenda, na hofu ikamshika. "Damu ya mtu tusiyemjua? Itamletea maradhi gani huko mbele?"

Bibi yako mzaa baba, mwanamke wa Likoni asiyejua kupaza sauti, wallahi siku hiyo aliipaza. "Athumani! Maradhi ya huko mbele humpata aliye hai. Wamtaka mwanao aanze dunia bila mama?"

Babako akakubali. Daktari akanigeukia; ulimi ulikuwa mzito, nikaitikia kwa macho. Nikayatazama matone yakishuka mpirani huku nikisoma shahada kimoyomoyo, nisijue yataniwahi au la. Yaliniwahi. Kesho yake nikakunyonyesha.

Ulipokuwa sekondari, nikagusa kivimbe kwenye titi. Sikungoja, nikaenda hospitali. Wakapima: saratani, ingali changa. Nikamuuliza daktari, "Ni ile damu?"

"Mama, sijui," akasema. "Wapo waliochunguza wakaona huenda kuna uhusiano, ila kuhusiana si kusababisha. Ninalolijua ni kwamba bila damu ile ungalikufa."

Wakanitibu, na huyu hapa mimi.

Mwanangu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Hiyo hofu yako usiifiche. Ipeleke kliniki mapema, umuulize daktari. Lakini wakikwambia maisha yako yamo hatarini, kubali damu. Kisha usijisahau: waeleze wanaokutibu kwamba uliwahi kutiwa, jikague matiti, kapimwe mlango wa kizazi, uwe ulitiwa damu au hukutiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mola akufungue salama, akupe mtoto mwenye siha, na akuweke, mwanangu, akuweke hadi umwozeshe. Amina.