Kisanduku cha Feni

Juzi fundi aling'oa kisanduku cheusi cha kupunguzia feni katika fleti yetu ya zamani, hapa Malindi.

"Hiki kilikuwa kikila umeme bure, dada," akaniambia. "Ukipunguza upepo, umeme ni ule ule, unaishia humu kuwa joto."

Nikakipokea kwa mikono miwili.

Nilipokuwa mdogo, baba alipougua homa, mama aliiweka feni kwenye namba moja, maana upepo mwingi ulimtetemesha. Kisanduku kikawa kinachemka. Nami nikaamini feni inavuta homa ya baba na kuitia humo. Kila nikirudi madrasa nilikigusa kwanza, na kikiwa cha moto nilifurahi.

Alasiri moja nilikikuta baridi. Feni ilikuwa imezimwa, chumba kinanuka ubani, na baba amefunikwa shuka mpaka kichwani, hatetemeki tena. Nikakimbilia ukumbini, nikamvuta mama leso.

"Mama! Homa ya baba imekwisha yote!"

Alinikumbatia hadi mbavu zikaniuma.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Imekwisha."

Nikapiga vigelegele, kama nilivyowaona wakubwa wakifanya harusini, na hakuna aliyenikataza.