Hina Mikononi Siku ya Jumapili

Jirani yangu hapa Bungu ni Mwislamu, mimi ni Mkristo, na kati ya ua wake na wangu hakuna hata uzio. Mwaka ambao maji ya Rufiji yalikaa juu ya mpunga wetu mpaka ukaoza, yeye ndiye aliyekuwa akinipitishia bakuli la ugali na kisamvu hadi tukavuka. Hajawahi kunikumbusha. Basi alipomwoza binti yake wa kwanza, siku ya hina aliniita mkekani, karibu na bibi harusi.

"Lete mikono, mwanangu. Huyu mdogo wako."

Huku kwetu, ukialikwa kwenye hina ukakunja mikono, mwenye shughuli anaelewa kwamba hukumfurahia. Nilinyoosha yote miwili. Maua yakapanda mpaka karibu na viwiko, na yalinipendeza, sifichi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mimi huwafundisha watoto kanisani, na kazi hiyo naipenda kuliko nyingine yoyote niliyowahi kupewa. Mzee wa kanisa akanizuia mlangoni, tai imenyooka, viatu vinang'aa kana kwamba vumbi la Bungu halimhusu.

"Bwana asifiwe, mama. Kwa mikono hiyo utawafundisha nini watoto? Tumeambiwa urembo wetu usiwe wa nje. Kaisugue kwa limau. Ikitoka, darasa lako utalikuta."

"Siisugui, mzee. Nimepakwa kwa upendo."

Akaingia kufundisha mwenyewe. Nikaketi nyuma kwenye benchi la watoto, magoti yakikaribia kidevu. Somo nililokuwa nimeandaa lilikuwa la yule nabii aliyetumwa kumpaka mafuta mfalme, akamwona kaka mkubwa wa mteule, mrefu, mzuri wa sura, akadhani ndiye. Mzee alilisimulia vizuri. Alimsifu kaka yule mpaka muda ukaisha, na mahali anapokataliwa hakufika.

Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu. Mungu akitaka kujua yaliyomo ndani yangu, hataanzia kwenye kucha. Ataanzia kwenye lile bakuli la kisamvu, aone kama nimelisahau. Nikaamua kwamba darasa langu siliachi na hina yangu siigusi.

Jumapili iliyofuata niliwahi. Nikafagia, nikafungua madirisha, nikasimama mbele ya watoto. Mzee akatokea mlangoni.

"Bado haijatoka?"

"Haijatoka, mzee. Na ikitoka, jirani yangu ana binti wa pili."

Watoto wakacheka. Yeye hakucheka, ila hakunitoa. Akalivuta lile benchi fupi la nyuma, akakaa. Nikainua mikono yangu waione wote, na yeye aione, tukaendelea palepale alipoachia: nabii amesimama na mafuta yake mbele ya yule kaka mrefu, na Mungu anamwambia hapana, si huyu.